Pa kuwekea fimbo za kuvulia: vya dukani, mabomba ya PVC na kazi ya seremala

Mwenye haraka na achukue jibu mapema. Kwa nyumba ya Unguja au Pemba, rafu ya wazi ya mbao ya mfenesi iliyotengenezwa na seremala, yenye skrubu za stenlesi na kitako kilichotobolewa maji yapite, inavishinda vyote vinavyouzwa dukani. Mabomba ya PVC yanafuata, na kwa mwenye fimbo za kurambazia, zile za kuburuta chambo nyuma ya boti, yanaweza hata kushika nafasi ya kwanza. Rafu ya plastiki ya kufunga ukutani inatosha kwa fimbo nyepesi. Kabati la chipubodi lenye milango, ambalo ndilo linalopendeza macho kuliko yote, ni la kukimbia.

Sababu ni chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kujivutia maji kutoka hewani unyevu ukipita asilimia 75 hivi, na visiwani kiwango hicho hupitwa usiku mwingi wa mwaka, masika ndiyo usiseme. Fimbo iliyotoka baharini ikafutwa kwa kitambaa tu bila kusuuzwa huonekana kavu mchana kutwa. Ukiingia usiku, chembe zilizobaki kwenye miguu ya pete za kupitishia mshipi na chini ya kikalio cha rili (kifaa cha kukunjia mshipi) hulowana upya, na kutu ikaendelea na kazi yake mpaka jua lichomoze. Kwa hiyo pahala pa kuwekea fimbo pana mambo mawili ya kuangaliwa kabla ya sura na bei: upepo unapita, na maji yana pa kutokea.

Kusuuza nako kuna mtego wake. Visima vingi vya karibu na pwani maji yake yana chumvichumvi, na kuosha rili kwa maji hayo ni kuipaka upya kile ulichotaka kuiondoshea. Tumia maji ya bomba au ya mvua, yamwagike taratibu kwa kata au kopo lenye matundu. Mpira wa maji wenye kasi husukuma chumvi ndani ya rili badala ya kuitoa.

Rafu ya plastiki ya dukani

Huja katika boksi ikiwa vipande viwili: cha juu chenye vishikio na cha chini chenye vikombe. Mara nyingi ni ya fimbo 6, na ndani mna kijifuko cha skrubu na plagi. Sifa yake ni wepesi wa kufunga. Mwenye drili na pimamaji anaimaliza kabla chai haijapoa.

Skrubu zilizomo ndani zitupe. Ni za chuma kilichopakwa zinki, na kwa nyumba ya Jambiani au Makunduchi, ambako kusi huleta rasharasha ya bahari hadi sebuleni, zitaanza kulia machozi ya kutu ukutani mapema sana. Vikombe vya chini vimezibwa, kwa hiyo toboa kila kimoja tundu la milimita 8 katikati. Sponji ya vishikio ni ya vinyweleo wazi: inanyonya maji na kuyaweka, nayo inagusa fimbo pahala pamoja kila siku. Ing'oe, weka vipande vya ndara kuukuu. Ndara nyingi zimetengenezwa kwa EVA, ambayo vishimo vyake vimefungwa na haishiki maji. Usitumie tyubu ya baiskeli wala mpira wa tairi, huacha weusi usiotoka kwenye vanishi ya fimbo.

Kasoro isiyotengenezeka ni nafasi. Toka kishikio hadi kishikio ni kiasi cha sentimita 8 hadi 10, na hapo rili mbili kubwa za kutupia haziwezi kukaa ubavu kwa ubavu bila mikono yao kugongana. Utaishia kuruka nafasi moja kila unapoweka, na rafu ya fimbo 6 ikawa ya 3. Kwa fimbo za kuvulia changu na tasi zenye rili ndogo, haina neno.

Zipo pia za aluminiamu. Ni nzuri kwa macho, ila zikifungwa kwa skrubu ya chuma chengine chochote kisha chumvi ikaingia kati, aluminiamu huliwa na kutoa unga mweupe kuzunguka tundu. Hata skrubu ya stenlesi haikuokoi na hilo. Inahitaji washa ya plastiki ili vyuma viwili visigusane.

Kabati la chipubodi

Chipubodi ni chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi na kuvikwa ngozi ya plastiki juu. Pale palipovikwa, sawa. Kwenye kila tundu la skrubu, kila bawaba na ukingo wa chini unaokaa sakafuni, chenga ziko wazi. Nyumba ikidekiwa, maji huingia kwa chini, ubao unavimba, na haurudi tena hata ukikauka. Bawaba zikianza kulegea, ujue tundu limeshakuwa unga, na skrubu nene zaidi itashika kwa muda mfupi tu.

Lakini ubaya wake mkubwa ni milango. Inafungia unyevu ndani pamoja na fimbo. Kabati la aina hii likifunguliwa masika lina harufu ya kuvu, mipini ya koki ina madoa meusi, na pete za chini, zile kubwa, zina wekundu miguuni. Koki na uzi wenye harufu ya chambo ni chakula pia: mende hupenda kiza cha humo, na panya akishaingia hutafuna mpini pale penye harufu ya ngisi.

Urefu ndio kichekesho. Kwa ndani makabati mengi ya nguo hayafiki mita 2, na fimbo ya kutupia ya kipande kimoja ni mita 2.1 au zaidi. Watu huilaza kwa mshazari, ncha ikabanwa na kona ya juu. Fimbo iliyobanwa hivyo miezi mingi, tena chumba kikiwa chini ya bati bila dari, hujifunza ule mpindo.

Kama kabati umeshalinunua na kulirudisha haiwezekani, toa ubao wa nyuma kabisa, linyanyue kwa vigingi vya sentimita 10, paka vanishi kingo zote zilizo wazi, na milango ibaki wazi mchana. Au litumie kwa madebe, mashuka ya boti na maboya, fimbo zitafutie pengine.

Mabomba ya PVC

Hapa ndipo mtu asiye fundi anaweza kujifanyia kazi nzuri. Bomba linalotakiwa ni la milimita 50, lile nene la maji taka, si la kupitishia nyaya za umeme. La umeme ni jembamba na hupasuka kwenye tundu la skrubu. Bomba zima la mita 6 likikatwa vipande vya sentimita 25 hutoa 23, maana msumeno nao unakula chake. Kwa ndani bomba hili lina upana wa kama milimita 45, na vitako vya fimbo nyingi hupita bila kubana. Hata hivyo nenda dukani na fimbo yako nene kuliko zote, uijaribishe pale pale.

Kata kwa msumeno wa chuma, kingo zilainishwe kwa tupa kisha msasa. Wapo wanaochoma mdomo wa bomba kwa moto ili utanuke kama tarumbeta. Matokeo yanapendeza, lakini PVC ikiungua hutoa moshi mkali wenye tindikali. Msasa unatosha.

Kipande kimoja kinahitaji skrubu mbili kukishika kwenye ubao, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Kichwa cha skrubu kikibaki kimejitokeza ndani ya bomba, kila fimbo inapoingia hukwaruzwa. Dawa yake ni kuzigeuza: skrubu iingie kwa nyuma ya ubao na kushika ukuta wa bomba, ncha yake ikatwe na kulainishwa. Au tumia boliti fupi ya milimita 5, kichwa chake cha mviringo kikae ndani na nati nyuma, juu yake ubandike kipande cha ndara.

Chini ya kila bomba, sentimita 2 kutoka mwisho, pitisha boliti ya stenlesi ya milimita 6 kutoka ubavu hadi ubavu. Fimbo inakalia boliti hiyo, maji yanapita pembeni. Kwa fimbo za kurambazia boliti hii ina faida ya pili: vitako vyake vina mkato wa msalaba, uliokusudiwa kuingia kwenye kikombe cha mkanda au cha kiti cha boti, nao unakaa sawasawa juu ya boliti hiyo. Fimbo haizunguki, na rili nzito haielemei upande. Rili kubwa za kurambazia, zile za wanaofuata nduwaro na jodari katika Mkondo wa Pemba, moja inaweza kupita kilo 3 peke yake. Ikizunguka ndani ya kishikio na kugonga ya jirani, mkono wa rili ndio unaovunjika.

Kwa fimbo za namna hiyo acha sentimita 20 kutoka katikati ya bomba hadi katikati ya bomba. Kwa za kutupia zenye rili kubwa 15, kwa ndogo 10.

Bomba la milimita 110 lenye vifuniko huku na huku watu hulitumia kama mkoba wa kusafirishia fimbo kwenye gari au boti la Mkoani, na kwa hilo ni zuri. Nyumbani lisigeuzwe ghala. Fimbo ikiingia humo na unyevu, unyevu hautoki.

Rafu ya seremala

Kazi hii inastahili maelezo marefu, kwa sababu fundi mzuri bila vipimo atakutengenezea kitu kizuri kisichofaa. Maseremala wetu wana mkono, anayeweza kuchonga mlango hashindwi na rafu. Ila wengi hawajawahi kuulizwa fimbo ya kuvulia inakaaje.

Kwanza mbao. Mfenesi unapatikana visiwani, kiini chake cha njano hakipendwi na mchwa, na hukaa vizuri na unyevu. Sharti useme kiini: ile sehemu nyeupe ya nje wadudu wanaibungua. Mvule ni bora zaidi kwa kudumu, bei yake ndiyo inayoamua, na vumbi lake linawasha pua na macho. Mwembe ni rahisi, lakini ukikatwa mbichi na kupigwa randa wiki hiyo hiyo utapinda, na ukiachwa bila dawa utabunguliwa. Msonobari wa kutoka bara uliopigwa dawa unafaa kwa fremu. Kumbuka tu kwamba dawa zenye shaba ndani yake hula haraka skrubu za zinki. Mnazi ni mgumu nje na laini ndani ya ubao ule ule, nao humaliza meno ya msumeno, fundi atakuongezea bei na ana haki. Mvinje unyooke vipi, ukikauka hupasuka.

Sasa vipimo, kwa rafu ya fimbo 8 za kutupia zinazosimama wima. Ubao wa chini uwe na urefu wa sentimita 125, upana 20, unene 4. Matundu 8, kutoka katikati hadi katikati sentimita 15, na yanabaki 10 kila mwisho. Kila tundu lina upana wa milimita 45 na kina cha milimita 20, na katikati yake tundu jengine la milimita 10 linalopita hadi chini. Hilo dogo ndilo linalosahauliwa. Pasipo hilo, kila tundu ni kijikombe cha maji ya chumvi, na baada ya masika moja vitako vya fimbo vinaanza kuvimba.

Ubao wa juu uwe na urefu ule ule, upana 14 na unene 2.5, wenye mikato ya herufi U inayotazama mbele, upana wa milimita 20 na kina cha 35. Kwa fimbo za mita 2.1 hivi ukae sentimita 120 juu ya ubao wa chini. Kwa fimbo fupi za boti za mita 1.65 hadi 1.8, shuka hadi 100. Kabla ya kukubali kimo chochote simamisha fimbo zako na uangalie mkato unaangukia wapi. Uwe kati ya pete na pete. Ukikutana na mguu wa pete, fimbo inakalia chuma chake na ile pete ya ndani, ambayo kwa fimbo nyingi ni ya kauri, hupata ufa usioonekana. Ufa huo utaujua siku mshipi unapokatika na kolekole yuko upande wa pili.

Tofauti ya nyumbani na dukani imo katika mteremko. Mbao zote mbili zikilingana kwa nyuma, katikati ya matundu ya chini iwe sentimita 14 kutoka ukingo wa nyuma, na mwisho wa mkato wa juu uwe 10.5. Fimbo hapo inaegemea nyuma kidogo yenyewe, kiasi cha sentimita 3, haihitaji komeo wala mpira wa kuizuia, na haijipindi kwa sababu inakaribia kusimama wima. Seremala akilinganisha matundu na mikato sawasawa, kama mazoea yatakavyomtuma, fimbo zitasimama wima kabisa na paka mmoja tu anatosha kuziangusha.

Uzito usibebwe na ukuta. Mihimili miwili ya pembeni, sentimita 5 kwa 7.5 na urefu wa 140, isimame sakafuni na kubeba ubao wa chini ukiwa umenyanyuliwa sentimita 10, ili kudeki kusiufikie na mchwa aonekane akipanda. Ukutani rafu inashikwa kwa skrubu 4 tu za kuizuia isianguke mbele. Nyuma yake ipite hewa, upana wa vidole vitatu.

Skrubu za kuunganishia ni za stenlesi, milimita 5 kwa 60, kama 24. Zitobolewe njia kwanza kwa biti ya milimita 3, la sivyo mfenesi mkavu hupasuka mwishoni. Dukani beba sumaku: skrubu iliyopakwa zinki inanaswa kwa nguvu, stenlesi nzuri haivutwi au inavutwa kidogo sana. Boliti kubwa huandikwa kichwani A2 au A4. A4 ina molibdeni na ndiyo ya baharini, A2 inatosha ndani ya nyumba isiyopokea rasharasha. Gundi iwe ya kustahimili maji, nyeupe ya kawaida hulegea ikilowana.

Vanishi ni mikono mitatu, ule wa kwanza umeyeyushwa kidogo ili unywewe, na msasa wa 220 kati ya mkono na mkono. Ndani ya matundu na kwenye vichwa vya mbao pakwe pia. Fundi hupaka panapoonekana, na maji huingia pasipoonekana. Kuna watu watakaokushauri mafuta ya sifa, yale ya samaki, kwa kuwa yanalinda majahazi. Kwenye jahazi yanafanya kazi, ndani ya nyumba harufu yake itawafukuza wageni na kuwaita mende.

Kufunga ukutani

Kwa ukuta wa tofali za saruji, plagi ya milimita 8 na skrubu ya 6 kwa 80 inatosha. Tofali zikiwa zimepigwa kwa mchanga mwingi, plagi itazunguka ndani ya tundu. Hamia kwenye ya milimita 10, au sogeza tundu usikae kwenye lile lile.

Nyumba za Mji Mkongwe ni habari nyengine. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na drili ikiwekwa kwenye kugonga hubomoa zaidi ya inavyotoboa. Toboa kwa kuzungusha tu, kwa plagi ndefu, na kamwe usitumie boliti za kutanuka: zinasukuma chokaa pembeni na kipande kizima hutoka. Kuta hizo pia hupandisha unyevu kutoka chini, khasa zilizopigwa lipu ya saruji juu ya chokaa, kwa hiyo nafasi ya hewa nyuma ya rafu iongezwe kupita vile vidole vitatu. Wenye dari za boriti wanaweza kuzilaza fimbo juu, chini ya boriti, zikishikwa pahala patatu kila moja. Mbili hazitoshi, katikati hubonyea.

Halafu angalia pangaboi. Rafu ikiwa chini yake au karibu yake, kuna siku mtu atanyanyua fimbo ya mita 2.1 kutoka tunduni bila kutazama juu. Dirisha la upande wa kusi nalo liepuke. Ukuta wa ndani ndio wenye heri, mbali na jua, kwa sababu mishipi ya naloni huchakaa kwa mwanga wa jua.

Vitu vidogo

Rafu zote za dukani zinasahau kwamba hapa watu wengi wanavua kwa mshipi wa mkono. Mwambie seremala aongeze vigingi 6 kwenye mihimili ya pembeni, vya mbao, vilivyoelekea juu kidogo, na vibao vya mishipi vitundikwe hapo baada ya kusuuzwa. Mshipi uliowekwa mbichi ndani ya ndoo unanuka, na ndoana iliyomo inapata kutu kwenye jicho, pale pale panapofungwa fundo.

Kwa chini rafu inaweza kuwa na watoto wawili wa kabati. Reli za chuma za dukani zikatae, zinashika kutu na kukwama. Mbao juu ya mbao, zikipakwa nta ya mshumaa, huteleza miaka. Kila upande uachwe milimita 3, kwa sababu masika ubao unavimba, na kwa Pemba, ambako mvua ni nyingi zaidi, mtoto aliyebanwa kiangazi hafunguki kabisa Aprili. Chubwi ziwekwe mtoto wa chini, na sakafu yake iwe plaiwudi ya milimita 9. Ile ya milimita 4 inayowekwa kwa mazoea hubonyea kilo 5 za risasi zikikaa juu yake. Kufuli iwekwe hapo: risasi ni sumu kwa watoto, unga mweupe unaoota juu yake khasa, na ndoana hazihitaji maelezo.

Rapala (vyambo vya bandia vyenye ndoana) na ndoana zikae katika visanduku vyenye vyumba, kila chumba kikauke kabla ya kufungwa. Rapala moja mbichi inatosha kuzitia kutu zote. Vijifuko vya silika vinavyokuja na viatu vinasaidia ndani ya kisanduku kinachofunga barabara, si ndani ya rafu ya wazi, ambako vitashiba unyevu wa chumba kizima usiku mmoja. Vyambo vya mpira laini visichanganywe na chochote. Mafuta yaliyomo ndani yake hulainisha plastiki ngumu ya kisanduku na kunyonya rangi za wenzao, mwishowe unakuta bonge moja linalonata. Viache katika mifuko yake ya asili.

Na rili: legeza breki kabla ya kuiweka. Washa za ndani zikikaa zimebanwa miezi, hukandamizika, kisha breki inashika kwa kushtukashtuka samaki anapoanza kukimbia.

Siku ya kupokea kazi

Malipo ya mwisho yasitoke karakanani. Rafu ije nyumbani, isimame ukutani, uweke fimbo zako zote na rili zake, kisha uitingishe kwa mkono mmoja. Ikicheza, kosa liko kwenye maungio ya mihimili, si ukutani, na kuongeza skrubu za ukutani ni kuficha ugonjwa. Mimina kikombe cha maji katika kila tundu la chini uone yanatoka. Pitisha kidole ndani ya mikato ya U: palipo na ukali wa patasi pasuguliwe kwa msasa kabla ndara haijabandikwa. Vuta mtoto wa kabati akiwa na chubwi zote ndani. Pindua ubao wa chini utazame upande wa chini kama umepakwa vanishi. Mara nyingi haukupakwa, na fundi atakuambia hapaonekani. Apake papo hapo, mikono mitatu kama kwengine.